Darubini ya Ghali, Darubini ya Rahisi

Katika rasimu ya kwanza ya riwaya yangu ya vita, shujaa nilimpa bunduki yenye darubini ya Zeiss. Kwa nini Zeiss? Kwa sababu ilikuwa ghali, basi! Sisi vijana wa mjini ndivyo tulivyo. Viatu, saa, redio, cha bei mbaya ndicho bora. Tena wazee walishasema kwamba rahisi huvunja upishi. Lakini nilipoisoma historia ya Vita Kuu ya Pili, nikakuta mambo siyo mepesi hivyo.

Wajerumani walikuwa mabingwa wa vioo. Zeiss, Hensoldt, Ajack, na Kahles wa Vienna walitoa darubini za bunduki zinazokuza mara 4, nyingi za asili ya uwindaji. Kioo safi, kazi safi. Ila kila moja ilihitaji fundi wa kuifunga kwa mkono juu ya bunduki yake. Ukiihamishia bunduki nyingine, haikai sawasawa. Sasa jeshi la mamilioni utalifungia darubini ngapi kwa mwendo huo?

Wakatafuta njia ya mkato. Mwaka 1941 wakaleta ZF41, kidude chepesi kinachokuza mara 1.5 tu, kilichofungwa mbele, mbali na jicho. Zilitengenezwa zaidi ya 100,000. Lakini wapi! Askari alichungulia kama kwenye tundu la ufunguo, na adui wa mbali alibaki mdogo vilevile. Walenga shabaha wengi hawakuipenda. Hapo, naam, wazee walisema kweli.

Upande wa pili, Warusi walikuwa na PE, darubini ya mara 4 ya miaka ya 1930, yenye pete ya kuurekebisha mwono ufuate jicho la mlengaji. Nzuri, lakini nzito, ina kazi nyingi kiwandani, na kwenye pete hiyo unyevu ulipenya. Juni 22, 1941, Ujerumani ikawavamia. Viwanda viling'olewa na kuhamishiwa mashariki. Nani tena ana muda wa mapambo?

Mwaka 1942 bunduki ya Mosin ikapewa PU, darubini iliyobuniwa awali kwa ajili ya bunduki ya SVT-40. Ilikuza mara 3.5. Uzito wake gramu 270 hivi, chini ya nusu ya PE. Pete hakuna. Tena ilikaa juu mno, shavu la askari halikutulia kwenye kitako. Hata hivyo ilitoka viwandani kwa malaki, ikavumilia baridi na matope, na ikatumika hadi bunduki ya SVD ilipoingia jeshini mwaka 1963.

Ndugu msomaji, ZF41 na PU zote zilikuwa rahisi. Tofauti iko wapi? Kwenye PU walipunguza vile ambavyo askari angeweza kuvikosa na bado akafanya kazi. Kwenye ZF41 walipunguza kuona kwenyewe.

Na yuko aliyezikataa zote. Simo Häyhä wa Finland, katika vita vya majira ya baridi ya 1939 hadi 1940, anahesabiwa kuua askari zaidi ya 500 wa Kisovieti akilenga kwa alama za chuma za bunduki yake. Darubini ingemlazimu kuinua kichwa, kioo kingeshika ukungu, na mng'ao wa jua ungemsaliti.

Watu 500! Nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Nilikuwa nimeandika kurasa nzima juu ya vioo, bila kumwandika hata mmoja wa wale walioonekana kupitia vioo hivyo.

Basi nimeifuta ile Zeiss. Shujaa wangu sasa ana PU, shingo inamuuma, na ndani ya kioo yumo kijana wa rika lake anayepasha mikono joto kwa pumzi. Sijui kama atafyatua. Ila kwa mara ya kwanza riwaya yangu inaniogopesha, na nadhani hiyo ni dalili njema.