Kioo cha Gemu na Milima ya Kivu

Mwaka 2021 ilitoka China gemu ya mkononi iitwayo OneXPlayer. Kioo chake kilikuwa cha inchi 8.4, na waliolipa mapema kupitia tovuti ya Indiegogo walipunguziwa bei. Tarehe 8 Oktoba mwaka huohuo Nintendo nayo ikatoa Switch ya kioo cha inchi 7, badala ya 6.2. Mwezi uleule nyumba ziliteketezwa Bibokoboko, juu katika milima ya Fizi, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, na watu wakakimbia na kile walichoweza kubeba.

Moto ule haukuwashwa na gemu. Bibokoboko ni nchi ya ng'ombe na mashamba, na magomvi yake ni ya ardhi, mifugo na nani atawale. Hata hivyo, kati ya vioo vile na Kivu ipo njia ya zamani.

Game Boy ya Gunpei Yokoi wa Nintendo, iliyotoka 1989, ilikuwa na kioo kinachokaribia ukubwa wa kiberiti, cha kijanikijani, kisicho na rangi nyingine. Washindani wake walikuwa na vioo vya rangi, lakini vilimaliza betri upesi. Yokoi alichagua vifaa rahisi vilivyokwisha zoeleka, akawashinda wote. Ubahili wenye akili, ukiniuliza mimi.

Vifaa vilipozidi kuwa na nguvu, kazi ikawa kuvibana mahali padogo. Hapo ndipo metali ya tantali ilipozidi kupata soko: kapasita yake, ndogo kama punje ya mchele, hutunza umeme na kuutoa kwa utulivu. Tantali hutoka kwenye koltani, jiwe jeusi, zito kuliko linavyoonekana.

Machi 2000 Sony ilianza kuuza PlayStation 2 Japani, ya kuunganishwa na televisheni, na watu wakapanga foleni. Simu za mkononi nazo zilikuwa zikiuzwa kwa wingi, na wafanyabiashara wakaogopa tantali itakwisha. Bei ya ratili moja, iliyokuwa chini ya dola 50, ilipita 300 kabla mwaka haujaisha. Kivu watu waliacha majembe, wengine madarasa, wakaingia mashimoni kuchimba koltani. Katika mbuga ya Kahuzi-Biega sokwe na tembo waliliwa. Novemba waasi wa RCD walitoa haki ya kusafirisha koltani kwa kampuni moja tu, SOMIGL.

Mwaka 2001 bei ikaporomoka. Aliyewahi kuuza alijenga. Aliyechelewa alibaki na magunia yake akisubiri komptwari, yaani maduka ya kununua madini, zirudie bei ya jana.

Wako walioviita vita vya Kongo vita vya PlayStation. Jina tamu, ila vita vilianza Agosti 1998, bei ikiwa bado imelala. Koltani ilivirefusha, haikuvizaa. Fizi yenyewe inajulikana zaidi kwa dhahabu ya Misisi.

Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria ya kuzitaka kampuni zieleze madini yao yanakotoka, na Septemba Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011. Wachimbaji wadogo ndio waliolala njaa kwanza. Mwaka 2024 waasi wa M23 waliteka Rubaya, penye koltani nyingi kuliko kwingine kote Kongo.

Switch 2 ilitoka tarehe 5 Juni 2025, kioo cha inchi 7.9, bei dola 449.99. Rubaya ilikuwa bado mikononi mwa M23.