Hekalu la Makindu, Mtoto wa Reli

Waulize madereva wa trela wanaolala Salgaa, huku Nakuru, ni wapi kati ya Mombasa na Malaba msafiri hula asitozwe hata shilingi. Watakutajia Makindu. Hekalu hilo liko kando ya barabara kuu katika Kaunti ya Makueni, na wengi hulipita wakidhani ni la Wahindu. La hasha. Ni gurdwara, nyumba ya ibada ya Makalasinga, wafuasi wa Guru Nanak aliyezaliwa Punjab mwaka 1469.

Limezaliwa na reli. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta vibarua na mafundi zaidi ya 31,000 kutoka India kuijenga. Karibu 2,500 walifia huku; wengi walirudi kwao, na wapatao 6,700 wakabaki. Makindu ilikuwa kituo muhimu cha reli hiyo, na mafundi Makalasinga walikuwa wengi hapo. Wazee husimulia kwamba jioni, kazi ikiisha, Makalasinga, Wahindu na Waislamu walikusanyika chini ya mti mmoja wakamwimbia Mungu. Penye mti huo ndipo hekalu lilipojengwa mwaka 1926. Nalisadiki simulizi hilo. Watu walio mbali na kwao, katika nyika ambayo simba wa Tsavo walikuwa wamewala wenzao mwaka 1898, wangebaguana kwa lipi?

Shughuli za reli zilipohamia kwingine, Makindu ilipooza na hekalu likakaribia kusahaulika. Waumini wakalirudia, wakalipanua, wakaongeza vyumba vya wageni.

Ndani ya ukumbi wa sala hamna sanamu. Hekalu la Kihindu huwa na chumba kidogo cha ndani anamowekwa mungu, na mara nyingi mnara huinuka juu yake. Hapa kinachoheshimiwa ni kitabu kitakatifu, Guru Granth Sahib, kilichowekwa juu ya jukwaa chini ya kitambaa cha fahari. Watu wote huketi sakafuni, tajiri na maskini kimo kimoja. Nje, bendera ya rangi ya zafarani hupepea juu ya mlingoti mrefu.

Lakini kwangu mimi roho ya jengo ni jiko. Chakula chake huitwa langar: dengu, chapati, wali, mboga, chai. Hakuna anayeulizwa dini wala kabila. Vua viatu, funika kichwa, usiingie na sigara, pombe wala nyama, basi. Anayetaka kuchangia huchangia.

Huku kwetu pia mila hiyo ipo. Kutoka Salgaa ukipanda Sachangwan hadi Mau Summit, barabara ya kushoto yakupeleka Kericho, penye gurdwara ya kumkumbuka Baba Puran Singh, kiongozi wa kiroho wa Makalasinga aliyeishi mjini humo miaka mingi kabla ya kuhamia Uingereza.

Mwaka 2026 hekalu la Makindu linatimiza miaka 100. Walimu wa historia wa Nakuru, mnapowafundisha watoto habari za reli, msiishie kwenye mataruma na injini. Wapelekeni Makindu.