Tumbo la Gari na Mawe ya Wadi

Desemba 1955, Sultan Said bin Taimur wa Muscat na Oman alitoka Salalah na msafara wa malori ya Kimarekani, akalikata jangwa mpaka Nizwa, mji ambao askari wake walikuwa wameutwaa siku chache kabla kutoka kwa Imamu Ghalib bin Ali. Mwandishi Mwingereza James Morris alikuwamo msafarani, na mwaka 1957 akaitolea safari hiyo kitabu, Sultan in Oman. Njia ilikuwa changarawe, mchanga na makorongo. Gari ya chini isingefika mbali.

Hali hiyo ilidumu. Sultan Qaboos alipotawazwa Julai 1970, nchi nzima ilikuwa na lami ya kilomita 10 hivi. Ndiyo miaka ambayo Waomani wa Unguja, Pemba, Mombasa na Bujumbura walianza kurudi Ibra, Nizwa na vijiji vya jirani, wengi wakiwa wametawanywa na Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Huko walikotoka waliijua Peugeot 404, bingwa wa mashindano ya magari ya Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, ambayo stesheni wagoni yake ilisifika kwa kupakia ukoo mzima. Bara la Oman wakakuta njia ni kitanda chenyewe cha wadi, yaani korongo la mto wa msimu, na wanaopita ni Land Rover na Land Cruiser.

Sur nayo ina sehemu yake katika habari hii. Suhail na Saud Bahwan, ndugu wawili wa mji huo uliokuwa ukipeleka majahazi Zanzibar kwa pepo za kaskazi, walifungua duka Matrah mwaka 1965. Miaka ya 1970 wakapata uwakala wa Toyota. Mji wa manahodha ukatoa wauza magari.

Sasa, uwazi wa chini, huo unaoamua gari gani itapita juu ya mawe ya wadi, ni nini hasa? Ni nafasi kati ya ardhi na kitu kilicho chini kuliko vyote katikati ya gari. Kwa Land Cruiser za zamani kitu hicho ni difu, inayoning'inia katikati ya ekseli. Kwa stesheni wagoni za familia mara nyingi ni bomba la eksozi au sampu ya oili, na sampu ikipasuka safari imekwisha. Saluni nyingi ndogo huwa na milimita 130 hadi 160. Subaru, waliotoa stesheni wagoni ya kuendeshwa na magurudumu yote manne tangu 1972, waliipandisha Outback yao mpaka milimita 213 au 220 kwa kutegemea soko, kimo cha jipu kamili.

Takwimu hizo kwa kawaida ni za gari tupu. Wapakie watu watano, mizigo ya Idi na madumu ya maji, springi zitalala, na sehemu ya zile milimita zitapotea papo hapo. Tena stesheni wagoni ni ndefu: gurudumu la mbele liko mbali na la nyuma, kwa hiyo kwenye tuta lililochongoka tumbo hugusa katikati ingawa karatasi ya muuzaji inasema nafasi ipo. Mkia nao hukwaruza gari ikipanda kutoka wadini. Wengi huweka tairi kubwa, lakini faida yake ni nusu tu: tairi lililoongezeka kipenyo kwa milimita 40 huinua gari milimita 20.

Je, leo uwazi mkubwa wa chini unahitajika Oman? Kwenda Nizwa, Ibra, Sur, hata kwenye mabwawa ya Wadi Bani Khalid, lami inatosha na Corolla inafika. Mambo hubadilika kwenye mchanga wa Bidiyah, ambako gari hukalia tumbo na magurudumu yakazunguka bure, na kwenye njia ya mawe inayoteremka kutoka Sharaf al-Alamayn kuingia Wadi Bani Awf. Mlima wa Jabal Akhdar ni kisa kingine. Pale Birkat al-Mauz, chini ya mlima, polisi huzirudisha gari zisizo na magurudumu manne ya kuvuta, na huko juu ni lami tupu! Kinachoogopwa ni mteremko unaochemsha breki, wala si mawe.

Kosa kubwa zaidi ni kudhani kwamba gari ya juu ni kinga ya mafuriko. Maji yenye kina cha sentimita 30 hutosha kuisukuma gari ndogo. Yakifika 60, jipu nyingi huelea na kuchukuliwa. Kimbunga Gonu cha Juni 2007 kilikata barabara za pwani ya Sur na Quriyat, na Aprili 2024 wanafunzi walikufa Samad al-Shan, Sharqiyah Kaskazini, gari waliyopanda iliposombwa na wadi. Kukata kwa makusudi wadi inayotiririka ni kosa la jinai nchini Oman, iwe kwa Corolla au kwa Land Cruiser.