Mshamba: maana, asili na matumizi ya neno, pamoja na jamaa zake

Mshamba (wingi: washamba, ngeli ya a-/wa-) ni nomino ya dharau kwa mtu anayeonekana kutojua mambo ya mjini au mambo mapya. Hali yake huitwa ushamba, na jambo linalofanywa kwa namna hiyo husemwa kuwa la kishamba. Maana ya awali, yaani mtu aishiye nje ya mji, ingali hai Unguja na Pemba. Kwa wazungumzaji wengi wa Bara imefifia, na kinachosikika kwanza ni kejeli.

Kimaumbo neno hili halina ubaya wowote. Ni kiambishi m- kilichowekwa mbele ya jina la mahali, kama katika mpwani na mbara. Aidha, halina uhusiano wa kimaumbo na kazi ya kulima: alimaye ni mkulima, na akaaye kijijini ni mwanakijiji, na hakuna anayetukanwa kwa maneno hayo mawili. Jambo la kuzingatia ni kwamba mji haukuzaa neno la jozi yake. Hatusemi *mmji. Mji ulizaa mwenyeji, yaani mwenye mji, ambaye ndiye anayekaribisha wengine. Hata kijiji, kwa asili, ni udogo wa mji. Katika muundo wa lugha, basi, kijiji na mji ni ndugu. Kilichotengwa ni shamba.

Sababu ya kutengwa huko iko Zanzibar. Wengi hulihusisha neno shamba na champ la Kifaransa, lakini asili hiyo, iwe kweli au isiwe, haielezi dharau. Inayoeleza ni jiografia ya Unguja ya karne ya 19. Wenye mali waliishi Mjini. Mikarafuu na minazi ilikuwa shamba, na waliofanya kazi huko kwa sehemu kubwa walikuwa watumwa. Shamba, kwa hiyo, halikuwa kipande cha ardhi tu, bali upande mzima wa kisiwa uliokuwa kinyume cha Mji. Mpaka leo Mzanzibari husema amekwenda shamba, au anangoja gari ya shamba, bila kumdharau yeyote.

Neno lilipoingia bara liliacha jiografia hiyo nyuma. Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Shule na vitabu vilikisambaza hadi mahali ambapo mgawanyo wa Mji na Shamba haukuwepo. Mkoa wa Mara ni mfano mzuri. Huko shamba ni pale palipopandwa mihogo, mtama au pamba, mara nyingi jirani kabisa na nyumba. Ni mali ya mtu au ya ukoo, si upande wa nchi. Mtu wa Butiama akiulizwa kwao ni wapi, atataja kijiji au ukoo. Hatasema anatoka shamba, isipokuwa alikuwa analima asubuhi hiyo. Mshamba, kwa maoni yangu, lilifika huko likiwa limekwisha kuwa tusi, bila ile maana tulivu ya visiwani ya kulipunguza makali.

Ndiyo maana katika mkoa huo neno hufanya kazi kama hapa na pale: maana yake hutegemea msemaji amesimama wapi. Musoma, iliyo ufukweni mwa Ziwa Viktoria na ndiyo makao makuu ya mkoa, hulitumia kwa anayetoka Butiama. Bunda, iliyo kwenye barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma, hulitumia kwa anayeshuka kutoka vijiji vya pembeni. Abiria huyo wa Musoma akifika Mwanza huitwa mshamba, na wote watatu wakikutana Dar es Salaam hawatofautishwi. Lugha ya utawala ilipohitaji kutofautisha ilichagua njia nyingine: Musoma Mjini na Musoma Vijijini. Butiama ilikuwa ndani ya hiyo ya pili hadi ilipopewa wilaya yake mwanzoni mwa muongo wa 2010. Hakuna ofisi iliyowahi kuandika Musoma Mashambani.

Madhara makubwa zaidi ya neno hili yako darasani. Kikurya hakitofautishi /l/ na /r/ kama Kiswahili kinavyofanya, na mzungumzaji wake huweza kusema kura akikusudia kula. Mwalimu anayekiita Kiswahili hicho cha kishamba amechanganya mambo mawili. Matamshi hayo ni athari ya lugha ya kwanza, na aliyezaliwa katikati ya mji wa Musoma katika nyumba ya Wakurya anaweza kuwa nayo, ilhali mkulima wa kisiwani Pemba hana. Kosa la matamshi hurekebishwa kwa mazoezi ya jozi za maneno. Mwanafunzi aliyeambiwa ni mshamba hujifunza jambo moja tu, nalo ni kunyamaza.

Itikadi ilijaribu kuigeuza mizani hii. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilionya kuwa wakaao mijini wanaweza kuwa wanyonyaji wa wakulima, na katika miaka iliyofuata matusi ya kisiasa yalielekezwa mjini: kupe, mnyonyaji, bepari, mzururaji. Julius Nyerere, Mzanaki aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kuanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice aliiita Mabepari wa Venisi (1969). Mfasiri azingatie uzito wa neno alilolichagua, kwani mfanyabiashara lilikuwepo. Hata hivyo, heshima ya mkulima katika hotuba haikumwondoa mshamba mitaani. Maneno hayo mawili yaliishi pamoja bila kugusana, jambo linalothibitisha kwamba hayakuwa visawe.

Jamaa wa mshamba hawalingani kwa ukali. Mshenzi ndilo zito kuliko yote. Katika pwani ya karne ya 19 liliwahusu watu wa bara waliohesabiwa kuwa nje ya uungwana, na baadaye nje ya ustaarabu. Leo limepoteza mahali na hulaani tabia, hata ya mtu wa mjini. Wanyika, yaani watu wa nyika, lilikuwa jina walilopewa na wengine wale ambao tangu miaka ya 1940 wamejiita Mijikenda. Lisitumike isipokuwa katika kueleza historia. Wa kuja ni la wenyeji wa pwani na Dar es Salaam kwa wahamiaji, nalo hulenga ugeni zaidi ya ujinga. Mtu wa bushi na mporipori ni ya mitaani na hayafai katika maandishi rasmi, ila katika mazungumzo ya wahusika.

Limbukeni ni la aina yake. Humtaja anayepagawa na kitu alichokipata kwa mara ya kwanza, mathalani simu au cheo. Shina lake ni limbuka, kuonja mazao mapya ya msimu, ambamo pia mna malimbuko. Mjini pamemcheka mgeni kwa neno lililotoka shambani, na sidhani kama wachekaji wengi wanalijua hilo.

Kwa wafasiri: neno la lugha chanzi linalomaanisha mkulima mdogo lisitafsiriwe kwa mshamba, hata pale mhusika anapodharauliwa, ila dharau hiyo iwe kinywani mwa mhusika mwingine. Kinyume chake, mshamba wa lifti au mshamba wa kompyuta hakuhitaji kutajiwa kijiji katika tafsiri. Huyo ni asiyezoea tu, na huenda amezaliwa Kariakoo. Na msemaji anapojiita mwenyewe, kama katika “Mimi mshamba, bwana, nielekeze,” neno ni la unyenyekevu na humpa anayeombwa nafasi ya kusaidia. Likifasiriwa kama tusi, ombi zima hupotea.