Vilema wa Beach Ngobila

Wengi wetu tunasemaka kwamba ulemavu uko katika mwili. Tuangalie Kinshasa. Tangu miaka ya 1970, kwenye Beach Ngobila, vilema walipunguziwa bei ya meli ya kwenda Brazzaville, na ushuru pia. Basi wafanyabiashara wazima ndio wakaanza kuwatafuta (wazima, ndiyo!). Kinga za magurudumu matatu zilijaa mizigo, na wenyewe wakalisha familia, wakasomesha watoto. Lakini mjini, mbele ya ngazi za ofisi, mtu yuleyule alihesabiwa kuwa mwombaji tu. Mwaka 2014 Brazzaville ilifukuza Wakongomani wengi, biashara ile ikaumia sana. Miguu ilikuwa ileile. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki zao. Ngazi za ofisi nyingi, bado.