Fanksheni ya vigeu viwili

Fanksheni ya vigeu viwili ni kanuni inayopokea namba mbili na kutoa jibu moja tu; huandikwa z = f(x, y). Katika kaunti za Makueni na Kitui mfano wake ulio wazi zaidi ni ardhi yenyewe. x ni umbali wa kwenda mashariki, y ni wa kwenda kaskazini, na z ni kimo cha mahali hapo kutoka usawa wa bahari. Fanksheni ya kigeu kimoja huchorwa kwa mstari, lakini grafu ya fanksheni ya vigeu viwili ni uso mzima wenye vilele na mabonde. Aliyesimama kwenye vilima vya Mbooni amesimama juu ya grafu.

Kwa kuwa karatasi ni bapa, uso huo huchorwa kwa kontua, yaani mistari inayopita mahali pote penye z moja. Charles Hutton wa Uingereza alizitumia kukokotoa ujazo wa mlima Schiehallion, Uskoti, kutokana na vipimo vilivyoanza mwaka 1774. Kontua zikikaribiana, mteremko ni mkali. Uwanda wa Yatta, uliotokana na lava na kunyooka kwa karibu kilomita 300, huonyesha hali zote mbili: ukingoni kontua hubanana, juu huwa chache mno.

Chukua kilima cha kubuni, z = 100 − x² − 4y², ambapo z ni mita, x na y ni makumi ya mita. Kontua ya 84 ni x² + 4y² = 16, duaradufu inayofika mita 40 mashariki lakini 20 tu kaskazini. Upande wa kaskazini ndio wenye mteremko mkali.

Mkulima anayechimba matuta ya fanya juu huchora kontua za shamba lake kwa ukubwa wake halisi, kwa fito mbili, uzi na pima maji. Usahihi wake unastahili heshima ya kihisabati. Maji huteremka yakikata kontua kwa pembe mraba. Tuta likipotoka, maji hukusanyika mahali palipo chini zaidi na kulibomoa. Udongo wa mtaro unaochimbwa hutupwa upande wa juu, na miaka ikipita shamba hujisawazisha nyuma ya kila tuta. Hapo f yenyewe imebadilishwa kwa jembe: mteremko mmoja umekuwa ngazi.