Mwisho wa Heri na Hukumu ya Wahakiki: Riwaya za Mapenzi ya Wanaume kwa Wanaume tangu Mwaka 1914

Katika masomo ya fasihi imezoeleka kuandika historia ya riwaya kwa kufuata waandishi na vitabu vyao. Mhakiki hutajwa pembeni, kama shahidi aliyefika baada ya tukio. Kwa riwaya za mapenzi baina ya wanaume, zilizoandikwa Uingereza na Marekani katika karne ya ishirini na zinazosomwa leo hata mbali na huko, utaratibu huo haufai. Hapa mhakiki alikuwa miongoni mwa wale walioamua kitabu kitoke au kisitoke, kiuzwe wapi, na, jambo la ajabu zaidi, kiishe vipi. Swali lililowagawanya wasomaji wa riwaya hizi kwa zaidi ya miaka mia moja si la maadili peke yake, wala si la ufundi peke yake: je, wapendanao wawili waweza kuachwa hai, na pamoja, kwenye ukurasa wa mwisho?

Anayehakiki vitabu hivi kwa Kiswahili hukutana kwanza na shida ya msamiati. Neno shoga, katika matumizi ya pwani, ni jina zuri ambalo mwanamke humwita rafiki yake wa kike. Likipachikwa mwanamume hugeuka kuwa dhihaka. Maneno mengine yaliyopo ni matusi matupu. Mtu hawezi kupima kazi ya sanaa kwa kipimo ambacho tayari ni tusi, na kwa hiyo maelezo marefu kidogo, mapenzi ya wanaume kwa wanaume, ndiyo yatakayotumika hapa, ingawa yanaulemea ulimi.

Mwaka 1913 Mwingereza E. M. Forster, aliyekuwa tayari na jina kubwa kwa riwaya yake Howards End ya mwaka 1910, alimtembelea Edward Carpenter katika kijiji cha Millthorpe. Carpenter, mshairi na msoshalisti, aliishi huko bila kujificha na mwenzake George Merrill, mtu wa tabaka la wafanyakazi. Forster aliondoka kwao na riwaya nzima kichwani, na mwaka 1914 ilikuwa imekamilika. Katika Maurice kijana wa tabaka la kati anampenda mwanafunzi mwenzake wa Cambridge, ambaye baadaye anamwacha na kuoa. Kisha anampata Alec Scudder, mtunza wanyama wa mawindo katika shamba la rafiki huyo huyo, na hao wawili wanaacha kila kitu na kwenda zao pamoja.

Kwa miaka 57 kitabu hicho hakikuwa na wasomaji ila marafiki waliopitishiana nakala zilizopigwa taipu. Wahakiki wake wa kwanza waliandika barua, si makala, na tangu hapo mgawanyiko ulikwisha kuonekana. Carpenter aliufurahia mwisho. Lytton Strachey, ambaye naye aliwapenda wanaume, alimwambia mwandishi kwamba haoni jinsi mapenzi ya wawili hao yangedumu, kwa kuwa kwa maoni yake yalisimama juu ya udadisi na tamaa. Itaonekana basi kwamba shaka juu ya mwisho wa heri haikuanzia kwa maadui. Ilianzia mezani kwa marafiki.

Forster hakubadili nia. Katika maelezo aliyoyaambatisha kwenye muswada mwaka 1960, alisema kwamba mwisho wa heri ulikuwa sharti, na kwamba bila huo asingejisumbua kuandika. Akaongeza, kwa kejeli isiyoficha uchungu, kwamba kama kijana angeishia kwenye kitanzi, kitabu kingechapika kwa urahisi zaidi. Mwaka 1967 sheria ya Uingereza na Wales iliacha kuyahesabu mapenzi hayo kuwa jinai kwa watu wazima waliotimiza miaka 21, wakiwa faraghani. Mwandishi bado hakuutoa muswada. Alifariki Juni 1970, na Maurice ikachapishwa mwaka 1971. Wahakiki wengi waliipokea kwa ubaridi: ni dhaifu kuliko kazi zake nyingine, imepitwa na wakati, na mwisho wake ni ndoto. Lawama hiyo ina haki kiasi, maana Scudder anaingia kitabuni kwa kuchelewa na hatumbukizwi vya kutosha katika maisha ya kila siku. Lakini kukilaumu kwa kuchelewa kitabu kilichozuiliwa na sheria kwa nusu karne ni hukumu inayohitaji ujasiri wa aina yake.

Huko Marekani mhakiki alikuwa na silaha nyingine, nayo ni kunyamaza. Gore Vidal alitoa The City and the Pillar mwaka 1948, akiwa na umri wa miaka 22. Mhakiki wa kila siku wa gazeti la New York Times, Orville Prescott, alikataa kukiandikia. Na kwa maelezo ya Vidal mwenyewe, riwaya zake tano zilizofuata hazikuhakikiwa katika gazeti hilo. Kitabu kiliuzwa kwa wingi, lakini mwandishi alilazimika baadaye kutunga hadithi za upelelezi kwa jina la Edgar Box ili apate riziki. Yafaa kukumbuka pia jinsi kitabu chenyewe kilivyoisha: Jim, akikataliwa na Bob aliyempenda tangu ujana, anamuua. Mwaka 1965 Vidal alitoa toleo lililosahihishwa ambamo mauaji yaliondolewa, ingawa ukatili ulibaki. Hata hivyo, hakuna toleo lililowaacha wawili hao na amani.

James Baldwin naye alikataliwa na Knopf, shirika lililokuwa limechapisha riwaya yake ya kwanza mwaka 1953. Giovanni's Room ilitoka mwaka 1956 kwa Dial Press. Humo Mmarekani David anampenda Mwitalia Giovanni mjini Paris, anamkimbia kwa hofu, na Giovanni anaishia kusubiri kukatwa kichwa. Baadhi ya wahakiki waliiheshimu kazi hii, na si vigumu kuona kwa nini: ni kitabu kikubwa, chenye lugha iliyochujwa, na kifo chake si pambo bali tunda la woga wa David. Lakini historia haiwezi kuacha kuuliza kama heshima hiyo ingetolewa kwa wepesi uleule iwapo David angebaki katika kile chumba. Kwa upande mwingine, Baldwin alishambuliwa na watu wake. Mwaka 1968 Eldridge Cleaver, katika Soul on Ice, aliyageuza mapenzi hayo kuwa hoja ya kumshtaki mwandishi kwamba anauchukia weusi wake. Huo nao ulikuwa uhakiki, na wasomaji weusi wengi waliufahamu kabla ya kukifahamu kitabu.

Sababu ya misiba hii haikuwa ladha tu. Marekani vitabu vilisafiri kwa posta, na posta ilikuwa na mamlaka ya kuzuia kilichohesabiwa kuwa kichafu tangu sheria ya mwaka 1873. Marijane Meaker, aliyeandika Spring Fire mwaka 1952 kwa jina la Vin Packer, alisimulia baadaye kwamba mhariri wake alimwonya: mapenzi ya wasichana wawili yasiishie kwa furaha, la sivyo wakaguzi wa posta watazishika nakala. Mwaka huohuo Patricia Highsmith, kwa jina la Claire Morgan, alitoa The Price of Salt, ambamo wanawake wawili wanaachwa na matumaini. Barua za shukrani zilimfikia kwa wingi. Ni mwaka 1958 tu Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua, katika kesi ya jarida ONE, kwamba kuzungumzia mapenzi ya jinsia moja si uchafu kwa maana hiyo peke yake.

Wakati magazeti makubwa yaliponyamaza, wasomaji walijitengenezea wahakiki wao. Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka upande wa wanawake. Katika The Ladder, jarida dogo lililoanzishwa San Francisco mwaka 1956, Barbara Grier aliandika kwa miaka mingi chini ya jina la Gene Damon, akipitia kila kitabu alichoweza kukipata. Mwaka 1967 orodha yake kubwa ya vitabu ilipochapishwa, kila kimoja kiliwekewa herufi ya kumwambia msomaji kama mapenzi hayo ndiyo kiini cha kitabu au yanagusiwa tu; na vile visivyofaa kitu vilipewa herufi ya takataka. Mhakiki huyu hakuwa na kiti cha chuo kikuu. Alijua, lakini, kitu ambacho wahakiki wengi wa chuo kikuu hawakijui: kwamba aliyeishi mbali na duka la vitabu hana fedha za kupoteza, na anataka kuambiwa ukweli.

Mwandishi mwingine hana budi kutajwa, hasa kwa kuwa aliandika akiwa katika bara hili. Mary Renault alihamia Durban kutoka Uingereza mwaka 1948 pamoja na mwenzake Julie Mullard, na baadaye wakaishi Cape Town, alikofariki mwaka 1983. The Charioteer ilitoka London mwaka 1953. Laurie, askari aliyejeruhiwa mguu Dunkirk, yuko hospitalini kati ya Andrew, kijana asiye na hatia aliyekataa kupigana, na Ralph, ofisa wa majini mwenye mkono ulioharibika. Naye mwishowe anarudi kwa Ralph. Hakuna kitanzi wala bunduki. Wamarekani walingoja hadi mwaka 1959 ndipo ikachapishwa kwao. Kwamba kitabu hiki kiliandikwa na mwanamke ni jambo litakalorudi mbele.

Ushindi wa sokoni ulikuja na Gordon Merrick. The Lord Won't Mind, mwaka 1970, ilikaa majuma 16 katika orodha ya vitabu vilivyouzwa sana ya New York Times. Wapenzi wake ni wazuri mno na matajiri mno, na lugha yake mara nyingi ni ya sukari. Wahakiki waliidharau, wakiwemo waliopaswa kuwa rafiki zake. Dharau hiyo haikukosea kuhusu sentensi. Ilikosea kuhusu msomaji, ambaye kwa mara ya kwanza alikuta kwenye rafu ya kawaida kile ambacho wasomaji wengine walikipewa tangu zamani bila kuombwa radhi. Miaka minne baadaye Patricia Nell Warren alipata umaarufu mkubwa kwa The Front Runner. Ila mwanariadha wake anauawa kwa risasi akiwa uwanjani.

Hayo yote yalihitaji maduka. Craig Rodwell alifungua lake New York mwaka 1967 kwa jina la Oscar Wilde. Philadelphia walilipa la kwao, mwaka 1973, jina la riwaya ya Baldwin. London lilikuwepo Gay's the Word tangu mwaka 1979. Aprili 1984 maofisa wa forodha walilivamia na kuchukua vitabu vilivyoagizwa kutoka nje, vikiwemo vya Vidal na Jean Genet, kwa kutumia sheria ya forodha ya mwaka 1876. Mashtaka yaliondolewa mwaka 1986. Washington, duka la Lambda Rising lilizaa jarida la uhakiki mwaka 1987, na kutoka humo zikatokea Tuzo za Lambda mwaka 1989, katika miaka ambayo ukimwi ulikuwa ukiwamaliza waandishi na wasomaji wake kwa pamoja.

Tuzo hizo nazo ziligombaniwa. Kufikia miaka ya 2000 riwaya za mapenzi ya wanaume zilikuwa tawi kubwa la biashara, na waandishi wake wengi walikuwa wanawake. Mwaka 2009 waandaaji waliamua kuwapa nafasi waandishi ambao wao wenyewe ni wa jamii hiyo tu. Mwaka 2011 uamuzi huo ulilegezwa. Hoja ya waliowakataa wanawake si ndogo, maana aliyeteseka kwa jambo ana haki ya kulisimulia. Lakini sheria ile ingemfungia mlango mwandishi yeyote asiyetaka kutangaza maisha yake, na Forster hakuwahi kuyatangaza hadharani alipokuwa hai.

Na mwisho je? Katika ufafanuzi wa leo wa riwaya ya mapenzi kibiashara, mwisho wa matumaini ni sharti. Alichokidai Forster gizani kimekuwa kanuni ya ghala. Red, White & Royal Blue ya Casey McQuiston, mwaka 2019, inamwozesha karibu mwana wa rais na mwanamfalme bila aibu yoyote. Lakini uzito wa swali hauonekani hapo. Unaonekana katika yaliyompata Annie Proulx, ambaye hadithi yake fupi Brokeback Mountain, ya mwaka 1997, inamuua mmoja wa wachungaji wawili. Baada ya filamu ya mwaka 2005 wasomaji walianza kumtumia hadithi hiyo ikiwa imeandikwa upya, wawili hao wakiwa hai. Mwaka 2009 alisema katika mahojiano kwamba alijuta kuiandika. Kama msanii alikuwa na haki: hadithi yake inazungumzia chuki, na chuki huua. Wale waliomwandikia hawakuwa wameielewa vibaya. Walikuwa wamechoka.

Afrika ya Mashariki imeingia katika mjadala huu kwa mlango huohuo. Mwaka 2007 Monica Arac de Nyeko wa Uganda alipata Tuzo ya Caine kwa hadithi fupi Jambula Tree, inayohusu si wanaume bali wasichana wawili wa mtaa mmoja. Mkenya Wanuri Kahiu aliitolea filamu, Rafiki, akalichagua jina hilo kwa kuwa ndilo neno ambalo wapenzi wa namna hii hulazimika kulitumia wanapotambulishana. Aprili 2018 bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku. Mtengenezaji alieleza kwamba alitakiwa kuubadilisha mwisho, kwa sababu ulikuwa na matumaini mno, naye akakataa. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliruhusu ionyeshwe kwa siku saba, na majumba ya sinema ya Nairobi yakajaa. Katika mwisho uliolalamikiwa hakuna arusi wala busu: msichana mmoja yuko peke yake mlimani, anasikia jina lake, na mkono unamgusa begani.